Vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia: namna ya kuvielewa na kuvitumia

Chukua shina “fung-” uliwekee mikia tofauti: funga, fungua, fungia, fungisha, fungana. Shina ni lile lile, kazi ni tano, na mzungumzaji wa Kiswahili hapati tabu nazo kwa sababu sikio lake limezoea kusubiri mwisho wa neno kabla ya kuamua maana. Kiingereza hakina mnyambuliko mpana wa namna hii. Huchukua kitenzi kifupi cha kila siku, kama “give”, “take”, “put” au “turn”, kikakifuatishia kijineno: “up”, “down”, “off”, “out”, “on”, “away”, “back”. Muungano huo huitwa “phrasal verb”. Humu tutauita kitenzi cha mkia, kwa kuwa kijineno hicho hufanya kazi inayofanana na ya mkia wa kitenzi chetu: hugeuza maana.

Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kueleza kwamba muungano huu ndio unaowapa wageni taabu kubwa zaidi. Taabu huanza pale mwanafunzi anapokikata kitenzi vipande viwili akatafsiri kila kipande peke yake. “Give” ni kutoa, “up” ni juu, lakini “give up” ni kukata tamaa, au kuacha kabisa jambo ulilozoea kulifanya. Sisi wenyewe hatumwelezi mgeni kwamba “fungua” ni “funga” na “ua”. Tunampa neno zima.

Anza na mkia

Vitabu vingi hupanga vitenzi hivi kwa kufuata kitenzi chenyewe: “get up, get on, get off, get over, get by, get away” katika orodha moja, ukariri. Ni mpangilio mbaya. Maneno sita yanayofanana yakiingia kichwani siku moja hugombania nafasi, na kesho yake hujui lipi lilikuwa kushuka na lipi lilikuwa kupona. Panga kwa mkia. Kila mkia una maana chache zinazojirudia, na ukizishika utaweza kukisia kitenzi ambacho hujawahi kukiona.

Mkia wenye kazi nyingi kuliko yote ni “up”. Maana ya juu ipo: “stand up” ni kusimama, “pick up” ni kuokota. Inayowaponyoka wengi ni maana ya kumaliza. “Eat your food” ni kula chakula chako. “Eat up your food” ni kukila chote, sahani ibaki tupu. “Use” ni kutumia, “use up” ni kutumia mpaka kiishe. “Tear” ni kuchana, “tear up” ni kuchanachana. Kiswahili kina kitu kinachokaribia hapo: futa na futilia mbali, tupa na tupilia mbali. Ukiihisi tofauti ya futa na futilia mbali, umeshaihisi “up” ya kumaliza. Maana ya tatu ni kuongezeka: “speed up” ni kuongeza mwendo, “prices went up” ni bei zimepanda, “turn up the radio” ni kuongeza sauti ya redio. Ya nne ni kujitokeza: “show up” ni kutokea mahali, “bring up” ni kuliibua jambo katika mazungumzo, “come up” ni jambo kuzuka. Ndiyo maana “turn up” ina sura mbili. “He turned it up” ni aliongeza sauti. “He turned up” ni alitokea, mara nyingi bila kutazamiwa. Kinachozitenganisha ni yambwa, yaani kile kinachotendwa. Ikiwepo, fikiria kitufe cha sauti; isipokuwepo, fikiria mtu mlangoni.

“Down” ni rahisi zaidi. Hupunguza: “slow down”, “calm down”, “cut down”. Husimamisha kazi: “break down” ni mashine au gari kuharibika, “shut down” ni kuzima kompyuta au kufunga kiwanda. Tena huweka maneno kwenye karatasi: “write down”, “note down”.

“Out” huleta kuisha na kufumbua. Kuisha: “sell out” ni bidhaa zote kununuliwa, “die out” ni kutoweka kabisa kwa mila au aina ya mnyama. Kufumbua: “find out” ni kugundua, “work out” na “figure out” ni kulifikiria jambo mpaka ulipatie jibu, “point out” ni kumwonyesha mtu jambo ambalo hakuliona. Kuna pia kugawa, kama “hand out”.

“Off” ni mkia wa kutengana. Vua nguo ni “take off”, kibandiko kikibanduka “it came off”, ukifunga safari “you set off”, ukizima taa “you turn it off”. Jozi ya kuangalia kwa makini ni “put off” na “call off”. Ya kwanza ni kuahirisha: shughuli ipo, tarehe imesogezwa. Ya pili ni kufuta. Aliyeandikiwa “the interview has been called off” asikae kusubiri tarehe mpya, kwa sababu hakuna.

“On” ni kinyume cha “off” katika kushikamana na kuwasha: vaa na vua ni “put on” na “take off”, washa na zima ni “turn on” na “turn off”. Zaidi ya hapo “on” huendeleza: “carry on”, “go on” na “keep on” zote ni kuendelea. “Back” ni kurudisha: “give back”, “pay back”, “call back”. “Away” huweka mbali: “throw away” ni kutupa, “put away” ni kurudisha kitu mahali pake, “give away” ni kugawa bure, na pia ni kufichua siri. “Over” mara nyingi ni kupitia jambo upya, kama “think it over”, au kuanguka na kupinduka, kama “fall over”.

Mikia haiwezi kueleza kila kitu. “Put up with” ni kuvumilia, na ukitazama mikia yake miwili hutaona uvumilivu wowote. Ipo pia mikia iliyo kinyume inayofika mahali pamoja: kujaza fomu ni “fill in” na pia “fill out”, na zote ni sahihi. Nyumba iliyoteketea mpaka chini “burned down”. Karatasi zilizoungua zikaisha “burned up”. Vitenzi vya aina hii vimezwe vizima.

Yambwa ikae wapi

Hapa ndipo makosa yanaposikika zaidi, na hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani. Unaposema “nimekiokota”, kiambishi “ki” kiko ndani ya kitenzi, kabla ya shina. Kiingereza nacho hukiingiza kiwakilishi ndani, kati ya kitenzi na mkia: “I picked it up”. Maneno “it”, “them”, “him”, “her”, “me”, “us” na “you” yakiwa ndiyo yambwa ya kitenzi kinachotengana, yaani kinachoruhusu yambwa kukaa kati yake na mkia wake, sharti yakae katikati. “I picked up it” ni kosa kila mahali, kwenye maandishi na kwenye maongezi.

Nomino kamili ina uhuru. “I picked up the bag” na “I picked the bag up” ni sawa. Nomino ikiwa ndefu ipeleke mwisho: “Pick up the bag that you left near the door.” Ukiibana katikati, msikilizaji atakuwa amesahau “pick” kabla “up” haijafika.

Kanuni hii ni ya vitenzi vinavyotengana tu. Utavijuaje? Tazama mkia. “Up”, “out”, “down”, “away” na “back” kwa kawaida hutengana ikiwa kuna yambwa. “After”, “at”, “for”, “into”, “with”, “of”, “from” na “against” kwa kawaida haziachani na kitenzi, na yambwa hukaa nyuma yake daima: “look after her”, “look for it”, “look into it”, “run into them”. Mikia inayosumbua ni “on”, “off”, “in”, “over”, “through” na “by”, kwa sababu yaweza kwenda huku au huku. “Take it off” ni vua, inatengana. “Get off it” ni shuka kwenye basi, haitengani.

“Through” inaonyesha vizuri uzito wa nafasi. “See it through” ni kulifikisha jambo mwisho bila kukata njiani. “See through it” ni kuugundua udanganyifu. Maneno ni yale yale matatu, na nafasi ya “it” ndiyo inayoamua kama wewe ni mtu wa kutegemewa au mtu wa macho makali.

Sikio nalo husaidia. Mkia wa kitenzi kinachotengana hubeba shadda: katika “turn it off” neno “off” ndilo zito. Katika “look for it” au “look at it” uzito uko kwenye “look”, na mkia hupita haraka. Ukimsikia mzungumzaji akiukazia mkia mwishoni, una dalili nzuri kwamba kitenzi hicho kinatengana.

Vichache lazima vitengane hata kwa nomino. Kuwatofautisha mapacha ni “tell the twins apart”. “Tell apart the twins” haikubaliki kwa masikio mengi. Kumshawishi mtu afanye jambo ni “talk him into it”.

Jambo la mwisho hapa: ukibadilisha wakati, gusa kitenzi tu. “Pick up, picked up, picking up”, mkia haunyambuliki. Katika kauli ya kutendwa mkia hubaki mahali pake: “the meeting was put off”, “the child is well looked after”. Hubaki pia mwisho wa swali na kwenye kishazi rejeshi: “What are you looking for?” na “the child she looks after”. Kuudondosha mkia huo ni kosa la kawaida, kwa kuwa “tafuta” yetu haidai kitu nyuma yake.

Unachosikia si unachosoma

Wengi wanaosoma “pick it up” bila shida hawaisikii ikisemwa. Sababu ni kwamba konsonanti ya mwisho ya neno moja huungana na vokali inayofuata. Masikio ya Mswahili husikia karibu “pikitapu”. “Turn it off” huwa “tanitofu”, “put it on” huwa “putitoni”, “fill it in” huwa “filitini”, zote bila kile kivokali cha mwisho tunachopenda kukiongeza. Zoezi lake: sema kifungu chote kwa pumzi moja, kama neno moja la silabi tatu, shadda kwenye ya mwisho. Rudia mara kumi kabla ya kusikiliza rekodi. Mdomo ukishaizoea sauti, sikio huikamata.

Mikia miwili

“Run out” na “run out of” huwachanganya watu, ilhali Kiswahili kina tofauti hiyo hiyo. “The paper has run out”: karatasi zimeisha. “We have run out of paper”: tumeishiwa karatasi. “Of” inafanya kazi ya “-iwa”. Anayeishiwa akiwa ndiye kiima, yaani anayetajwa mbele ya kitenzi, weka “of”.

Vitenzi vya mikia miwili kwa kawaida havitengani, hata kwa kiwakilishi: “put up with it”, “come up with it” yaani kubuni wazo, “catch up with them” yaani kuwafikia, “cut down on it” yaani kupunguza matumizi ya kitu. “Look up to” ni kumheshimu mtu, “look down on” ni kumdharau.

“Look forward to”, kungoja kwa hamu, ina mtego wake. Hiyo “to” si ile ya “to go” au “to eat”. Ni kihusishi, na baada yake huja nomino au kitenzi chenye “-ing”. Sahihi ni “I look forward to meeting you”. “I look forward to meet you” imo katika barua nyingi za maombi ya kazi, na msomaji makini huliona kosa hilo mara moja. Mikia mingine nayo hudai “-ing”: “give up smoking”, “put off going”, “keep on working”, “end up paying”. “Go on” inakubali zote mbili kwa maana tofauti: “she went on talking” ni aliendelea kuongea, “she went on to talk about money” ni alimaliza mada moja akaingia ya fedha.

Mikia tunayoisahau na tunayoizidisha

Kiswahili huweka maana nzima ndani ya neno moja, hivyo tunapoongea Kiingereza tunaridhika na kitenzi kitupu. “Pick me at six” inakusudiwa kuwa nipitie saa kumi na mbili, lakini “pick” peke yake ni kuchagua au kuchuma tunda. Sema “pick me up at six”. Kushusha mtu njiani ni “drop me off”. “Drop me” peke yake huweza kueleweka kuwa niangushe. Simu hupokewa kwa “pick up the phone”.

Kinyume chake, “cope up with” si sahihi. Ni “cope with”, bila “up”. Imechanganywa na “keep up with” au “put up with”. “Return back” ni kurudia jambo mara mbili, kwa kuwa “return” tayari ina kurudi. Ukitaka “back”, tumia “go back” au “give back”.

Kitenzi kimoja, maana nyingi

Chukua “go off”. Bomu likilipuka, “it went off”. Maziwa yakiharibika, Waingereza husema “it has gone off”. Umeme ukikatika, “the lights went off”. Na kengele ya saa ikilia asubuhi, “the alarm went off”. Hii ya mwisho huwapotosha wengi, wakidhani kengele imezimika. Kuizima ni “turn it off”, hivyo sentensi “the alarm went off, so I turned it off” haina mgongano: ililia, nikaizima. Kiima ndicho kinachokupa maana. Jiulize kila mara ni kitu gani kinachofanya tendo, kabla ya kufungua kamusi.

“Make up” nayo: “make up a story” ni kutunga, “they made up” ni walipatana, “make up for lost time” ni kufidia muda uliopotea. Usijifunze zote siku moja. Jifunze ile uliyokutana nayo, nyingine zitakuja na sentensi zake.

Kuna tofauti za nchi pia. “Wash up” kwa Mwingereza ni kuosha vyombo. Kwa Mmarekani ni kunawa mikono na uso. Mgeni aliyeambiwa hivyo kabla ya kula anahitaji kujua mwenyeji anatoka wapi.

Kitenzi kikigeuka nomino

Vingi hugeuka nomino, na hapo tahajia na shadda hubadilika. Kitenzi huandikwa kwa nafasi: “log in”, “back up”, “set up”, “break down”. Nomino huunganishwa: “login”, “backup”, “setup”, “breakdown”. Nyingine huchukua kistari, kama “check-in”. Shadda ya nomino huhamia mwanzo: “BREAKdown”. Kwa hiyo “please login here” ni kosa, ingawa limejaa kwenye tovuti. Kitenzi ni “log in”. Mkia ukitangulia mbele, usidhani maana ni ile ile: “take over” ni kushika uongozi, “overtake” ni kupita gari jingine.

Rasmi au la

Watu huambiwa wasitumie vitenzi hivi kwenye maandishi rasmi. Ushauri huo ni mkali kupita kiasi. Ni kweli “put off” ina mwenzake mzito “postpone”, “put up with” ina “tolerate”, “put out” ya kuzima moto ina “extinguish”, na barua ya ofisi hupendelea hivyo vizito. Lakini “carry out research”, “set up a committee”, “rule out” na “point out” zimo katika ripoti za kitaalamu bila kumkera yeyote. Upande wa pili, ukimwambia rafiki “please extinguish the candle” utasikika kama tangazo la ndege. Sema “put it out”.

Kamusi na daftari

Katika kamusi ya wanafunzi, tafuta chini ya kitenzi, mwisho wa maana zake zote. Angalia vifupisho “sb” kwa mtu na “sth” kwa kitu. Ukiona “turn sth off” pamoja na “turn off sth”, au mshale wenye ncha mbili kati ya mkia na yambwa, kitenzi kinatengana. Ukiona “look after sb” tu, hakitengani. Pasipokuwa na “sb” wala “sth”, hakichukui yambwa.

Katika daftari, fungua ukurasa mmoja kwa kila mkia. Vitenzi vitano kwa wiki vinatosha. Ukivijaza ishirini utabaki na viwili. Kwa kila kimoja andika sentensi nzima uliyoisoma au kuisikia mahali, maana yake kwa Kiswahili, kisha sentensi hiyo hiyo ukibadilisha nomino kuwa kiwakilishi: “She turned down the offer. She turned it down.” Sentensi ya pili ndiyo muhimu, kwa sababu ndani yake umeshaweka jibu la swali la kutengana bila kukariri kanuni. Baada ya wiki moja funika Kiingereza, soma Kiswahili, na useme sentensi ya kiwakilishi kwa sauti. Ukisita mahali pa kuweka “it”, kitenzi hicho kirudie wiki inayofuata.